Kifundo Kilichowekewa Nadhiri

Ilomba, Mbeya
3 Juni 2024

Mdogo wangu Matilda,

YAH: KUTOPIGA GOTI UKWENI

Rejea safari yetu ya Rujewa ya tarehe 25 Mei. Kwanza salamu, kamwene. Huku tuko wazima. Wifi yako Eveline anakusalimu, baridi ya Ilomba imeingia hadi kwenye mifupa, mahindi tumevuna na panya nao wamevuna. Ombeni alipita Jumapili akitokea kazini kwake Uyole. Mwanao amenenepa, mapenzi yanamkubali.

Naandika barua kwa sababu umejitoa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp bila kuaga, na simu yangu ukiona jina langu huipokei. Isitoshe, ukaguzi wa shule umenifundisha kwamba neno lisiloandikwa ni upepo tu. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, uifuate stendi.

Sasa jambo lenyewe. Tulikwenda kwa Mzee Bujiku kumwombea mwanao mchumba. Watu wale ni wafugaji, wamehamia Usangu na ng'ombe wao na adabu zao. Wanawake wote wa boma lile walipiga goti kutusalimu. Mama Regina, mke wa Mzee na mama mzazi wa Violet, binti tuliyemfuata, alishuka mpaka chini kwa heshima. Na wewe, mama wa kijana, ukasimama wima kama mlingoti wa bendera ya shule, ukanyoosha mkono kama diwani anayeomba kura! Wakakuletea kiti, nacho ukakikataa. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, mimi na mwavuli wangu.

Tangu shemeji Adrian atutoke, mimi ndiye msemaji wa upande wetu. Mzee Bujiku akisema binti haolewi katika nyumba ya watu wenye kiburi, nitajibu nini? Naomba maelezo kwa maandishi.

Ni mimi kaka yako,
Sosthenes Kalinga
Mkaguzi wa Shule Mstaafu na Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo


Kihesa, Iringa
22 Juni 2024

Kaka Mwenyekiti,

YAH: KUSIMAMA WIMA

Kamwene sana. Barua yako ilikaa stendi siku kadhaa, kondakta aliisahau chini ya kreti la vifaranga, ndiyo maana ina harufu. Mimi nipo. Nyanya zimeoza mashambani kwa kukosa bei, ulanzi umekwisha, na walevi wa Kihesa sasa wanaonekana wakiwa na akili zao, jambo linalotisha. Sare za kwaya ya vijana nimechelewa kuzimaliza. Siku hizi nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, kwa kubadilisha tu.

Umetaka maelezo. Sakafu ya Mzee Bujiku ilikuwa na vumbi na gauni langu lilikuwa jipya. Hayo ndiyo maelezo.

Na mimi niulize swali kwa maandishi, maana nawe ni mtu wa maandishi. Ule mwavuli ulikuwa wa nini? Mwezi wa tano, jua la Usangu linapasua kichwa, wewe hukuufungua hata mara moja, mchana kutwa umeuegemea kama chifu. Mvua ilikuwa inanyesha upande wako peke yake?

Msalimie wifi. Mwambie shati alilonitumia nimelipunguza mabega.

Mdogo wako,
Matilda


Ilomba, Mbeya
10 Julai 2024

Mdogo wangu Matilda,

YAH: MAELEZO YASIYORIDHISHA

Salamu kwanza. Paka wa Eveline amezaa kwenye sanduku la majoho ya kwaya, na mchungaji amesema tusiwahamishe watoto wa Mungu. Mimi kwaya nimepumzika kidogo, kwa sababu waimbaji wamehamishiwa ghorofani na kule juu kuna upepo.

Maelezo yako hayaridhishi. Nimemhoji Ombeni. Kijana alijaribu kukuficha, lakini mimi nimehoji walimu wakuu wakalia. Amesema ngazi za kanisani unashuka kinyumenyume. Amesema kifundo cha mguu wako wa kulia kimevimba kama kiazi, na asubuhi unashika ukuta kabla ya kusimama. Kwa nini umetuficha?

Hata hivyo usihangaike, nimekwisha kulirekebisha. Nimempigia Mzee Bujiku kabla chuki haijaota mizizi. Siwezi kumwambia habari za mguu, Matilda, fikiri. Hawa ni watu wa mifugo. Kabla hawajachukua dume wanaliangalia kwato. Wakisikia mama wa kijana anachechemea watasema ukoo wa akina Kalinga una miguu mibovu, na wajukuu wao watazaliwa na nini? Kwa hiyo nimemweleza kwamba uliweka nadhiri. Kwamba siku uliyomzika mumeo uliahidi goti lako halitapigwa mbele ya mwanadamu, ila mbele za Mungu tu. Mzee akasema, "Mh! Basi hiyo ni kubwa." Tumeokoka.

Kuanzia leo una nadhiri. Tafadhali iheshimu.

Kuhusu mwavuli: mwavuli ni heshima ya mtu mzima. Suala hilo nimelifunga.

Kaka yako,
Sosthenes Kalinga, Mwenyekiti


Kihesa, Iringa
18 Agosti 2024

Kaka,

YAH: NADHIRI NISIYOIJUA

Sitakusalimu. Ngoja, nitakusalimu, mama yetu alitufundisha. Kamwene. Wote wazima. Sasa nianze.

Unaniwekea nadhiri mimi, mtu mzima mwenye wajukuu watarajiwa? Wiki iliyopita nimepokea gunia la mchele kutoka Rujewa na ujumbe kwamba niombee fahali wa Mzee Bujiku asiyepanda. Kaka, mimi ni fundi cherehani! Nimwombee fahali namna gani? Mchele nimeupika, na nimemwombea kidogo, kwa sababu nimekula.

Haya, kifundo. Kinauma. Kinauma tangu miaka mingi, na sikusema kwa sababu ukoo huu ukiuambia unaumwa jino, kesho unaitisha kikao cha mdomo. Nilimwona daktari wa mifupa. Ni mtaratibu, alinichorea mpaka nikaelewa. Mfupa wa muundi na ule mwembamba wa pembeni yake huteremka pamoja na kuwa kama uma. Katikati ya uma kuna kijifupa chenye mgongo wa mviringo kama mkate. Uma unateleza juu ya mkate, na unyayo unapanda na kushuka. Kazi ya kifundo ni hiyo tu. Kuyumba upande upande, pale unapokanyaga jiwe, kunafanywa na kiungo kingine chini yake. Nikamwambia daktari, basi hiyo ni pedeli ya cherehani yangu. Akacheka, akasema tofauti ni kwamba pedeli ikilia nailainisha kwa mafuta, na hapa mafuta yangu ni gegedu, ngozi laini iliyofunika ncha za mifupa. Yangu imekwisha. Mfupa unasaga mfupa.

Ndiyo sababu sikupiga goti. Mtu akitaka kushuka, muundi sharti uinamie mbele juu ya unyayo. Kifundo kikikataa, kisigino kinanyanyuka, na mama wa bwana harusi anaporomoka kama gunia la viazi mbele ya wakwe. Niliona heri nionekane na kiburi. Na kile kiti, ningekaa, ningesimamaje tena mbele yao bila kushikwa mkono?

Na si ugonjwa wa ukoo, sikiliza vizuri. Nilimwuliza. Kilivunjika nilipoteleza kwenye mawe ya mlimani nikiwa na mimba ya Ombeni, unakumbuka, kikaunga vibaya. Amesema vifundo vingi vinavyosagika hivi ni vya watu waliovunjika au kuteguka zamani.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukifunga: wanakwangua mifupa, wanaibana kwa skrubu mpaka iwe mfupa mmoja. Maumivu yanaisha, unatembea, ila pale hapapindi tena mpaka kiama. Ya pili ni kifundo cha bandia. Wanakata kidogo juu na kidogo chini, juu wanavalisha chuma, chini chuma, katikati plastiki ngumu inayoteleza. Hicho kinapinda. Ila si cha kuruka wala kukimbilia mabasi, na miaka ikipita kinaweza kuchakaa kikahitaji kurudiwa. Si kila mtu anafaa. Mimi amesema nafaa, kwa umri na kwa wembamba niliopewa na mafundisho ya ujane.

Ninataka hicho kinachopinda. Mguu wangu wa kulia ndio unaonilisha. Najua mtasema nifunge mota kwenye cherehani. Umeme ukikatika siku ya kukabidhi sare, mota nitaiendesha kwa maombi? Na mimi kitambaa nakisikia kwa mguu kabla ya mkono. Nakuomba, kaka, hili libaki kati yetu.

Matilda


Ilomba, Mbeya
9 Septemba 2024

Mdogo wangu Matilda,

YAH: MAAZIMIO YA KIKAO CHA UKOO KUHUSU KIFUNDO CHAKO

Salamu nyingi. Uliomba libaki kati yetu, nami nimelizingatia. Nimewashirikisha ndugu tu. Kikao kilifanyika sebuleni kwangu badala ya ukumbi wa kanisa, kwa sababu ukumbi una ngazi na ngazi zinapoteza muda.

Mjadala ulikuwa wa hali ya juu. Eliezeri, ambaye amechomelea mageti mengi hapa Ilomba, alitaka kujua bawaba isiyo na mahali pa kuweka grisi itadumu vipi. Timotheo wa malori alionya kuhusu spea za bandia. Anasema alifunga moja pale Uyole, ikamwachia kwenye mteremko, na yeye hapendi kuona hayo yakimpata shangazi yake. Mama mkubwa Devota aliuliza kama siku ya ufufuo chuma nacho kitafufuka au utaamka na pengo. Zabron alikumbusha kwamba nyanda zetu zina radi nyingi na radi inapenda chuma. Hoja hiyo ilichukua muda mrefu na mchango wake ulisifiwa.

Baada ya kura, kikao kimeazimia kwamba kifundo kifungwe. Kilichofungwa ni imara, hakina spea, hakiiti radi, na kinaendana na nadhiri, kwa kuwa mtu ambaye kifundo chake hakipindi hataingia katika kishawishi cha kupiga goti.

Wajumbe walikula ndizi na maharage. Nilipotaka kusimama kutoa neno la shukrani nilibaki nimekaa, kwa unyenyekevu.

Tafadhali thibitisha kupokea.

Sosthenes Kalinga, Mwenyekiti


Kihesa, Iringa
15 Septemba 2024

Kaka Mwenyekiti,

YAH: KUTHIBITISHA KUPOKEA

Maazimio nimeyapokea. Meza yangu ya kukatia nguo ilikuwa inayumba, nimeyakunja nikayaweka chini ya mguu wake na sasa imetulia. Wajumbe washukuriwe sana.

Sitakuwa nyumbani kwa muda. Msiulize.

Matilda


Ilomba, Mbeya
28 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

YAH: UKIMYA

Hii ni barua ya tatu bila jibu, mbili za kwanza kondakta amenirudishia. Jirani yako anasema mlango una kufuli na kuku wako wanalishwa na watu wa jumuiya. Uko wapi? Eveline hapiki, ananiangalia tu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Na mambo ya Rujewa yameharibika. Ile nadhiri yako imesambaa. Dada zake Mzee Bujiku waliisikia, wakaisikia wake wa ndugu zake, sasa wanawake wa boma zima wamesema nao wanaweka nadhiri. Hakuna anayepiga goti. Wanampa mume chakula wamesimama, wanasema "karibu" kama wahudumu wa hotelini. Mzee Bujiku amenipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyeibiwa. Anasema, "Kalinga, mlikuja kuoa au mlikuja kuleta dini?" Ukoo wake unataka uchumba uvunjwe kabla ugonjwa huu haujafika kwa mabinti wote wa Usangu.

Ombeni amekonda. Andika, hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Sosthenes


Kihesa, Iringa
24 Novemba 2024

Kaka,

YAH: KUPATIKANA

Kamwene, kaka yangu. Nimerudi. Mvua za kwanza zimelowesha Kihesa na kuku wangu watu wa jumuiya waliwalisha vizuri, ingawa jogoo mmoja simwoni, na nahisi alilishwa jumuiya.

Nilikuwa Dar, hospitali. Nimewekewa kifundo. Mambo ya gharama usiulize, mimi na bima tumeelewana. Kundi la madaktari bingwa wa viungo vya bandia lilikuja, likakaa wiki moja, daktari wangu akaniingiza kwenye orodha. Sikukuaga kwa sababu ungekuja na wajumbe wodini.

Nilipoamka mguu ulikuwa kwenye hogo gumu la plasta, umening'inizwa, unaniuma hadi nikamwita marehemu Adrian kwa jina. Kisha wiki za kutokanyaga kabisa. Nilikuwa natembea kwa magongo kama panzi, na kuoga ilikuwa sherehe ya watu wawili. Walipofungua hogo nikaona mguu wa mtu mwingine, mwembamba, na mshono ulionyooka mbele juu ya kifundo. Nimeukagua ule mshono, kaka. Mimi nisingeushona vizuri vile.

Halafu binti wa mazoezi akashika unyayo wangu akasema, "Mama, upandishe." Nikaupandisha. Kidogo, upana wa kidole. Lakini ulipanda na hakuna kilichosaga. Nikalia mbele za watu bila haya, maana nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba mguu unaweza kutembea kimyakimya. Sasa kila asubuhi nakaa kwenye cherehani bila kufunga uzi, nakanyaga hewa. Daktari amesema bado nisishone, nikanyage tu, ni mazoezi mazuri. Radi zimepiga mara nyingi mlimani wiki hii. Mwambie Zabron bado haijanitambua.

Kuhusu wanawake wa Rujewa, moto huo umeuwasha wewe kwa kiberiti chako. Ila uchumba wa mwanangu usivunjike. Hilo nakuomba kwa magoti, ukiweza kuvumilia neno hilo.

Matilda


Ilomba, Mbeya
16 Februari 2025

Mdogo wangu Matilda,

YAH: KUFUTWA KWA NADHIRI

Pokea salamu na pole. Ulichofanya hakikuzingatia maazimio, lakini kwa kuwa umepona, kikao kimejipongeza.

Habari njema. Nimezungumza na Mzee Bujiku mpaka salio likaisha. Harusi ipo, tarehe 26 Aprili, baada ya Pasaka, kwa sharti moja. Ili kuzima fitina bomani kwake, wewe mwenyewe, mbele ya watu wote, utapiga goti. Wake zao wakiona mwenye nadhiri amepiga, watakosa pa kushikia. Nimekubali kwa niaba yako.

Habari mbaya. Mama Regina amempigia simu Eveline, wamesemezana kwa siri na Eveline hakujua kuficha. Wanawake wanakusihi usipige. Wanasema ukishuka wewe, wote watashushwa tena. Kwa hiyo Rujewa nzima itakuwa inaangalia kifundo chako, wanaume wakiomba kipinde na wanawake wakiomba kisipinde. Chagua kwa hekima, na hekima ni kupiga.

Mimi huenda nisifike. Barabara ni mbaya, kuna mvua, na Mwenyekiti mzuri hukabidhi madaraka. Hotuba yangu ataisoma Zabron.

Sosthenes Kalinga, Mwenyekiti


Kihesa, Iringa
4 Mei 2025

Kaka Sosthenes,

YAH: YALIYOTOKEA RUJEWA AMBAYO ZABRON HAKUKUELEZA

Kamwene. Mwanao ameoa, na ninamwita mwanao kwa sababu ulimhangaikia. Violet ni mchapakazi, ana kicheko cha kuamsha majirani. Hotuba yako Zabron aliisoma yote. Watu walisinzia kwa heshima.

Nilishuka kwenye gari bila magongo. Wanaume wamekaa upande mmoja kwenye viti, Mzee Bujiku katikati na kofia yake. Wanawake wamesimama upande wa pili, wima wote, kama mimi mwaka jana. Hata wapiga ngoma walipunguza mkono. Kaka, sikuwa nimeamua. Njia nzima kutoka Iringa nilikuwa nawaza, nikipiga nimewauza wale wanawake, nisipopiga nimemuuza mwanangu.

Nikampita Mzee Bujiku. Nikamwambia, "Baba, nakuja kwako, ngoja kidogo." Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Regina. Nikamsalimu kwa lugha yao, "Mwangaluka, mama," na nikashuka. Taratibu, muundi mbele, kisigino chini, kama alivyonifundisha yule binti wa mazoezi. Kikapinda! Na Mama Regina, aliyekuwa amenisihi nisipige, naye akashuka wakati huohuo, kwa sababu yule mama hawezi kusalimiwa kwa adabu akabaki amesimama. Tukakutana chini, macho kwa macho, vitambaa vyetu vya kichwa vikagongana. Kicheko kikatushika hapo, tukashindwa kuinuka, wakaja kutunyanyua mmoja mmoja.

Wanaume wakapiga makofi, "Amepiga goti! Amepiga!" Wanawake wakapiga vigelegele, "Amempigia mwanamke mwenzake!" Kila upande ukala pilau ukijua umeshinda. Mzee Bujiku nilimpa mkono. Akaupokea kwa mikono miwili.

Jioni nilikaa na Mama Regina jikoni nikaona nimweleze ukweli, kwamba hapakuwa na nadhiri, ni mguu. Akanishika bega. "Mama Ombeni, sisi tulijua siku ileile," akasema. "Mtu amechunga ng'ombe toka mtoto, anayechechemea hamjui? Ulivyoshuka tu kwenye gari mzee aliniambia, huyu mama mguu wa kulia unamuuma, mpeni kiti. Tukaleta, ukakataa. Halafu kaka yako akaleta habari za nadhiri. Tukasema haya, kama wanajificha nyuma ya Mungu, tuwaachie huyohuyo Mungu."

Nikamwuliza, kama mlijua, mbona mligoma kupiga goti miezi yote hii?

"Nadhiri ilikuwa nzuri," akasema. "Tuiache ipotee bure?"

Kisha akaniuliza, na hapa ndipo ninapotaka ukae chini usome. "Na yule kaka yako wa mwavuli, mtamtibu lini? Mzee anasema yeye ni mguu wa kushoto, na umeanza zamani kuliko wako." Akanionyesha kiti kimoja kilichokuwa karibu na geti, kina mto. Kilikuwa chako. Walikiweka pale usipande ngazi za baraza, na kilikaa wazi siku nzima. Nilitaka kulia, kaka. Watu uliowaogopa kwamba watatukagua kwato walikuwa wamekutengenezea mahali pa kukaa.

Kwaya uliiacha ilipopanda ghorofani. Kikao ulikihamishia sebuleni. Harusi ya kijana uliyemwombea mchumba mwenyewe umeikimbia kwa kusingizia barabara ya lami. Wifi Eveline ameniambia ukienda uani usiku unashika ukuta kama nilivyokuwa nashika mimi. Na kifundo chako najua kimeharibikia wapi, ni mpira wako wa shuleni, ile fainali ulibebwa mgongoni ukarudi unaimba. Huo nao si ugonjwa wa ukoo. Ulipiga kura mguu wangu ufungwe kwa sababu ulikuwa unaupigia mguu wako, ukitumaini kuambiwa hakuna la kufanya.

Nakupenda, mzee wewe, na nimekasirika. Yote mawili yamo humu ndani ya bahasha.

Mdogo wako,
Matilda


Ilomba
19 Mei 2025

Matilda,

Nimeisoma.

Inauma?

Sosthenes


Kihesa, Iringa
22 Mei 2025

Kaka,

Umesahau kuandika YAH, nikajua ni wewe kweli.

Inauma. Wiki za mwanzo utanitukana mimi, daktari na mama aliyekuzaa. Utaoga kwa kushikwa, na utamjua Eveline upya. Halafu itatokea asubuhi moja utashuka kitandani, utafika mlangoni, ndipo utakumbuka kwamba hukushika ukuta. Huenda daktari akasema chako kinafaa kufungwa, si kuwekewa kingine. Atakaloona litakuwa lake, hatutalipigia kura.

Nimeongea naye, atakuona wiki ijayo. Ombeni na Violet watakupitia Alhamisi na gari wakulete kwangu. Gongo langu nimeliweka nyuma ya mlango, nimelifungia kitambaa juu lisikuchubue kwapa. Sare za kwaya nimemaliza zote, kwa mguu wa kulia.

Mwavuli uuache Ilomba. Mvua zimekwisha.

Matilda